Kichupa Kilichopinduliwa Mara Moja

Rusi alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwa maswali aliwashinda watu wazima wa mtaa mzima. Aliuliza kwa nini mto Lhubiriha hubadilika rangi mvua ikinyesha milimani. Aliuliza kwa nini mwalimu wao wa hesabu hupiga chafya tatu tatu, hapunguzi wala hazidishi. Watu wengine walimjibu, wengine walimtuma dukani ili wapate kupumzika. Mama yake, Naswiba, alikuwa na njia yake mwenyewe. Alimpa mwiko.

"Koroga kwanza," alizoea kumwambia. "Ukimaliza, uliza."

Naswiba aliuza bushera hapo Bwera, kando ya barabara inayokwenda mpakani Mpondwe. Bushera ni uji mwepesi wa mtama uliochachuka kidogo, na watu huunywa baridi asubuhi kabla ya kazi. Shida yake ni moja: unga haupendi kukaa juu. Ndoo ikiachwa itulie, maji hubaki juu na unga hujilaza chini. Kwa hiyo kila kikombe kilitanguliwa na mwiko, ambao ulishuka hadi chini kabisa, ukazunguka na kupanda juu, mara kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Naswiba, na shule zilipofunga, sheria hiyo haikufunga.

Ijumaa moja ya likizo, ambayo pia ilikuwa siku ya soko, Rusi aliachiwa ndoo peke yake. Mama yake alikuwa ndani akijiandaa kwenda kituo cha afya, kwa kuwa mimba yake ilikuwa imefikisha miezi minane na siku yake ya kupimwa ilikuwa hiyo. Barabarani alipita mtu wa baiskeli aliyebeba nguruwe wawili wazima, mmoja kila upande, na Rusi alikuwa akijiuliza wamefungwaje hata hawaanguki. Wakati huohuo akafika Mama Kaswera.

Mama Kaswera alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Kongo. Kila Jumanne na Ijumaa alivuka mpaka na mitungi ya mafuta ya mawese, na kabla ya kufika sokoni alikaa kwenye benchi la Naswiba, akanywa kikombe kimoja na kusimulia habari za mji wa Butembo. Rusi alimpenda kwa sababu hakuwahi kuchoka kuulizwa. Lakini siku hiyo macho ya Rusi yalikuwa kwa nguruwe. Alizungusha mwiko mara moja tu, juu juu, akachota na kumpa.

Mama Kaswera akaonja, akatazama ndani ya kikombe.

"Mutoto, hii iko mayi tu. Ulikoroga?"

"Nimekoroga, Mama Kaswera," Rusi akajibu upesi, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Mama Kaswera hakubisha. Alikunywa nusu, akaweka kikombe kwenye benchi, akajitwisha mtungi wake. "Haya. Labda mudomo yangu ndiyo iko mubaya leo," akasema, akaondoka. Hakukaa, na habari za Butembo hazikusimuliwa. Rusi aliona vibaya moyoni, lakini mama yake alitoka ndani wakati huo na ikabidi waondoke. Alijaza bushera kwenye chupa ya plastiki ili mama yake apate cha kunywa kwenye foleni, wakashika njia.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Naswiba alitolewa damu mkononi mapema, kabla ya saa tatu, kisha akaambiwa asubiri majibu. Benchi la kusubiria lilikuwa mbele ya maabara, na maabara ilikuwa na dirisha dogo la kioo lililofunguka nusu. Kwa Rusi, dirisha la namna hiyo ni mwaliko. Aliiweka chupa ya bushera kwenye benchi, akasogea na kuegemea ukingo.

Ndani kulikuwa na watu wawili waliovaa makoti meupe. Mmoja aliitwa Masereka, mkuu wa maabara, mwanamume mwembamba ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi. Mwingine alikuwa Medius, msichana wa chuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi. Medius alikuwa mpole, tena mwepesi wa mikono.

"Musawo," Rusi akamwita Masereka, kwa kuwa huko mganga yeyote huitwa hivyo, "mnatafuta nini kwenye damu ya mama?"

"Hemoglobini," Masereka akajibu bila kuinua kichwa. "Ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu. Inachukua hewa safi kutoka mapafuni, inaisambaza mwili mzima. Ikipungua mtu anachoka, anahema ovyo. Kwa mama mwenye mimba ni hatari, maana akitokwa na damu siku ya kujifungua hana akiba."

"Na mnaipimaje, na haionekani?"

Sasa Masereka akainua kichwa. Alivaa miwani yake ili amwone vizuri huyo anayeuliza. Kumbe alikuwa mtu wa namna ya Rusi, ila amezeeka kidogo.

"Inaonekana, ukijua kutazama," akasema. Alifungua droo, akatoa kadi yenye madoa sita mekundu, la kwanza hafifu kuliko yote na la mwisho limekolea. "Hii ni njia rahisi. Unaweka tone la damu kwenye karatasi nyeupe, unalilinganisha na madoa haya. Nzuri mahali ambapo hakuna kitu kingine. Lakini macho yangu na macho yako hayako sawa, na ukiwa kwenye kivuli utasoma hivi, ukiwa juani utasoma vile."

"Kwa hiyo inabahatisha."

"Inakaribia. Njia nyingine ni maji ya mrututu, ile dawa ya buluu wakulima wanayonyunyizia nyanya. Unayachanganya kwa kipimo maalumu, unadondosha tone la damu ndani. Damu yenye hemoglobini ya kutosha ni nzito, inazama. Iliyopungukiwa inaelea. Lakini hiyo inakuambia inatosha au haitoshi, basi. Haikuambii ni ngapi."

Rusi alitaka kuona tone likizama, ila mrututu wenyewe ulikwisha zamani. Masereka akamwonyesha mashine kubwa mezani, na kando yake nyingine ndogo ya betri, inayotosha kiganjani.

"Hizi zinatumia mwanga. Washa tochi ya simu ya mama, weka kidole juu yake."

Rusi alikimbia kwa mama yake, akarudi na simu, akafanya alivyoambiwa. Ncha ya kidole chake ikawaka nyekundu. Aliitoa, akairudisha, akaitoa tena, akajaribu na kidole gumba. Ilikuwa damu yake mwenyewe, na hakuwahi kuiona bila kujikata.

"Umeona? Mwanga unapita kwenye damu, na damu inaumeza kiasi," Masereka akasema. "Hemoglobini ikiwa nyingi, mwanga mwingi unamezwa. Ikiwa kidogo, mwingi unapita. Mashine inapima uliopita, inakupa namba. Kwa mama mwenye mimba tunapenda kumi na moja kwenda juu. Chini ya saba, hatulali."

Akiwa bado anaongea, alichukua kichupa kimoja chenye kifuniko cha zambarau, akakipindua taratibu, juu chini, juu chini. Rusi alikuwa na tabia ya kuhesabu vitu, akahesabu: mara kumi. Alifungua mdomo aulize sababu, lakini umeme ukakatika, mashine kubwa ikazimika, na wakati huohuo nesi akaja kumwita Masereka wodi ya wazazi.

"Medius, hivyo vitatu vimesimama muda mrefu," Masereka akasema akiwa mlangoni. "Tumia mashine ndogo. Uvichanganye vizuri."

"Sawa, musawo."

Watu kwenye benchi walikuwa wameanza kulalamika. Mmoja aligonga kioo na kuuliza kama majibu yanaletwa kutoka Kampala. Medius alikuwa akitoka jasho. Alichukua kichupa kilichoandikwa jina la Naswiba, akakipindua mara moja, akafungua, akavuta damu kidogo ya juu kwa kimrija, akaiweka kwenye kibao kidogo cha plastiki na kukisukuma ndani ya mashine. Namba ikatokea. Medius aliitazama, akaiandika, akaita nesi.

Sita nukta moja.

Nesi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaja kwa Naswiba na kuchuchumaa mbele yake. Alisema kwa sauti ya chini, lakini Rusi alisikia yote. Damu ilikuwa imepungua sana. Angepelekwa hospitali ya Kasese sasa hivi kuongezewa damu, na angebaki huko mpaka ajifungue. Nesi alikuwa ameshapiga simu, na huko kulikuwa na mfuko mmoja tu wa damu ya kundi lake, ambao wangemwekea.

"Lakini sijisikii mgonjwa," Naswiba akasema. "Asubuhi nimebeba ndoo ya maji kutoka bombani."

"Mama, damu ikipungua polepole mwili unazoea. Gari liko tayari."

Mwaka juzi shangazi wa Rusi alipelekwa Kasese kwa gari la wagonjwa akiwa na mimba, na hakurudi. Hilo hakuna aliyelisema pale, lakini Naswiba alimshika Rusi mkono na kuukaza, na wote wawili walikuwa wakimwaza mtu mmoja. Rusi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

"Kaa na mizigo," mama yake akasema. "Nipe ile chupa ninywe kidogo kabla ya safari."

Rusi akaichukua chupa ya bushera kutoka kwenye benchi. Ilikuwa imetulia tangu saa mbili. Juu kulikuwa na maji meupe, chini unga wa kahawia, na katikati mstari ulionyooka. Akaanza kuitikisa, kisha mkono wake ukasimama. Aligeuka kutazama dirishani. Kwenye kibao chenye matundu vilikuwa vimesimama vichupa vya foleni ya asubuhi ile, na kimoja ambacho hakijaguswa kilikuwa na majimaji ya manjano juu, damu nzito chini, na mstari katikati.

Akaitazama chupa, akakitazama kichupa. Sasa alijua kwa nini Masereka alipindua mara kumi. Alikumbuka pia kuwa Medius alipindua mara moja, kisha akachota juu.

Alikwenda dirishani. "Musawo," akasema polepole, "ile damu ya mama, ulichanganya?"

"Nimechanganya," Medius akajibu upesi, macho yake yakiwa mezani.

Rusi alilitambua jibu hilo. Alilitoa yeye mwenyewe asubuhi, kwa haraka ileile na macho yaleyale ya kutazama chini. Kama ni mtu mwingine angeweza kulisadiki, lakini yeye angelisadiki vipi? Nje, gari la wagonjwa lilikuwa limewashwa, na dereva alikuwa akifungua mlango wa nyuma.

Kwenye kona ya jengo akatokea Masereka akirudi kutoka wodini. Rusi alimkimbilia. Alijua kwamba mtoto kumsema mtu mzima mbele ya mkubwa wake si jambo dogo, na angeweza kuchapwa kwa hilo. Ilibidi aanze na kosa lake mwenyewe, kwa sababu ndilo lililomfundisha kuliona la mwenzake.

"Musawo, asubuhi nilimpa Mama Kaswera bushera ya maji," akasema kwa haraka, akihema. "Nilikoroga mara moja tu, nikachota juu. Aliponiuliza nikasema nimekoroga. Sasa damu ya mama imesimama kama bushera, na dada Medius ameipindua mara moja. Nilihesabu. Halafu mama anapelekwa Kasese."

Masereka hakucheka wala hakumkaripia. Alimwendea Naswiba kwanza, akamvuta kope la chini kwa kidole, akatazama wekundu wake, kisha akatazama viganja vyake. Alinyanyua mkono kumzuia dereva. Halafu akaingia maabara, na Rusi akarudi dirishani kwake.

"Medius, namba yako ni sita nukta moja," akasema. "Macho ya huyu mama hayasemi sita. Kile kichupa ulikipindua mara ngapi?"

Medius alitazama mlango, akatazama dirisha, akaona Rusi. Rusi hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri mama yake.

"Mara moja," Medius akasema, na machozi yakamlengalenga. "Watu walikuwa wanagonga kioo. Mtoto aliponiuliza nikamdanganya. Nisamehe, musawo. Hata vile viwili vingine nilifanya hivyohivyo."

"Kuharakisha tutakurekebisha. Kudanganya sina dawa yake, dawa ni wewe mwenyewe," Masereka akasema. "Chukua kichupa. Pindua, uhesabu kwa sauti, kisha urudie na hivyo viwili."

Medius akapindua. Kwenye dirisha Rusi alihesabu naye, na kabla ya kufika sita watu wawili watatu wa benchini walikuwa wakihesabu pia bila kujua kwa nini. Ule mstari wa manjano ukapotea, kichupa kizima kikawa rangi moja. Tone likawekwa, mashine ikafikiri kidogo.

Tisa nukta saba. Masereka akarudia kwa kibao kingine ili kuhakikisha. Tisa nukta nane.

Nesi alipiga simu Kasese mara ya pili. "Wanashukuru tumewahi," akamwambia Masereka. "Kuna mama mmoja kutoka Kahendero ameletwa sasa hivi akitokwa na damu, na ni kundi hilohilo. Mfuko ule watampa yeye."

Gari likazimwa. Naswiba alijifunika uso kwa kanga, akacheka na kulia kwa pamoja, na Rusi akamwegemea bila kuuliza swali lolote, jambo ambalo mama yake alilikumbuka kwa miaka.

Masereka akatoka na karatasi mpya. Alimweleza Naswiba kwamba tisa nukta nane bado iko chini kidogo. Angepewa vidonge vya madini ya chuma, avinywe kila siku hata vikimletea kichefuchefu, ale dodo, yaani mchicha, na maharage, na chai asiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo kuingia mwilini. Baada ya wiki mbili angerudi kupimwa. Kisha akamgeukia Rusi, na Medius alikuwa amesimama nyuma yake akisikiliza.

"Umeniuliza maswali mengi leo, na mimi nakuachia moja la kubeba nyumbani," akasema. "Mashine yetu ni nzima na haikukosea. Ilipima tone ililopewa. Sasa ile namba ya uongo ilitoka wapi?"

Rusi akafikiri. "Kwenye mkono," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na kwenye kusema nimechanganya."

"Hapo pa pili ndipo pabaya. Mkono ukikosea na mdomo ukasema, tunarudia kipimo kwa dakika mbili. Mdomo ukificha, mtu mwenye afya anachomwa sindano asizohitaji na mgonjwa wa kweli anakosa damu. Kosa likisemwa mapema ni dogo, mwanangu. Kazi yetu yote humu inategemea hilo."

Medius akamshika Rusi bega. "Asante," akasema. Halikuwa neno rahisi kwake, na ndiyo maana Rusi hakulisahau.

Jumanne iliyofuata Rusi aliketi karibu na ndoo tangu asubuhi. Mitungi ya mawese ilipita vichwani mwa wanawake wengine wawili kabla Rusi hajamwona anayemtaka. Mama Kaswera alikuja akitembea upande wa pili wa barabara, kama mtu asiyekusudia kusimama. Rusi akavuka mbio.

"Mama Kaswera, Ijumaa sikukoroga," akasema. "Nilikuwa natazama nguruwe. Halafu nikasema nimekoroga. Mdomo wako haukuwa mbaya."

Mama Kaswera alitua mtungi wake chini.

"Nilijua tangu ile siku," akasema. "Bushera nakunywa tangu niko mutoto, nitashindwa kujua mayi? Mukono inachoka, hiyo iko kawaida. Ile uongo ndiyo ilinisumbua. Nilikuwa nangoya useme wewe mwenyewe."

"Nimesema."

"Nimesikia. Twende."

Walivuka pamoja. Naswiba alikuwa mlangoni akimeza kidonge chake kwa maji, uso umekunjamana kwa sababu ya ladha, na aliposikia yote alitikisa kichwa. "Ukweli hauniharibii biashara," akamwambia binti yake. "Bushera ya maji na jibu la haraka ndivyo vinavyoniharibia. Mchotee mgeni kikombe."

Mama Kaswera akakaa kwenye benchi, mahali pake pa siku zote, akanyoosha miguu, akaanza kusema kwamba Butembo mvua imenyesha siku tatu na barabara imekatika. Kisha akanyamaza ili asikilize. Rusi alikuwa ameushusha mwiko hadi chini kabisa ya ndoo, akiuzungusha na kuupandisha, na Mama Kaswera akahesabu pamoja naye kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka kumi.